Makosa ya wanaoanza gemu za minara, na somo la Fort Jesus

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana, lakini likizo ya shule imeniletea mgeni na mgeni ameniletea mada. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Mombasa, ana miaka kumi na miwili na yuko kwangu hapa Loresho mpaka shule zifunguliwe. Kutwa anacheza Bloons TD 6 kwenye simu yangu ya zamani. Jumamosi iliyopita alinijia amenuna.

"Mjomba, nimejenga minara mingi sana, na bado nimeshindwa raundi ya arubaini."

Nikaitazama skrini. Kweli minara ilikuwa mingi, lakini yote ilikuwa ya bei rahisi na imerundikana pale mwanzo wa njia. Nikamuuliza, "Wewe unatoka Mombasa, Fort Jesus si umeingia?" Akasema wameshapelekwa na shule mara mbili. Basi nikamwambia akae, kwa sababu karibu kila kosa analofanya kwenye simu lilishafanywa pale Ngomeni, na waliolifanya hawakuwa na kitufe cha kuanza upya. Niliyomsimulia ndiyo haya, na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kulala.

Kwanza, gemu zenyewe zilitoka wapi

Kwa asiyezijua: adui hutokea upande mmoja wa skrini, hufuata njia, na hutaka kutokea upande wa pili. Wewe una hela kidogo za kununulia minara ya kumpiga njiani. Kila adui unayemwangusha anakuongezea hela, na kila anayepita anakupunguzia roho. Wanakuja kwa mawimbi, na kila wimbi ni zito kuliko lililopita. Kwenye Bloons adui ni maputo, na "minara" ni tumbili wanaorusha vishale.

Wengi humtaja babu wa gemu hizi kuwa Rampart, iliyotolewa na Atari Games mwaka 1990, ambapo mchezaji alipiga mizinga kisha akapewa muda mfupi wa kuziba kuta zilizobomolewa. Baadaye wachezaji wa StarCraft ya 1998 na Warcraft III ya 2002 walichukua vifaa vya kutengeneza ramani vilivyokuja na gemu hizo wakajibunia ramani zao za minara, bila kulipwa na mtu. Halafu ukaja mwaka 2007. Mwezi Januari David Scott alitoa Flash Element TD, na Machi Paul Preece akatoa Desktop Tower Defense. Bloons Tower Defense ya kampuni ya Ninja Kiwi ya New Zealand ilifuata mwaka huo huo. Plants vs. Zombies ikaja 2009, Kingdom Rush kutoka Uruguay ikaja 2011.

Sisi wa Nairobi tulizipenda kwa sababu moja ya msingi: zilikuwa nyepesi. Mwaka 2007 kebo za baharini zilikuwa hazijafika. SEACOM ilianza kazi Julai 2009. Saiba ilikuhesabia kwa dakika. Lakini gemu ya Flash ilikuwa faili moja tu ndogo, unaipakua mara moja, unaiweka kwenye flashi diski, unakwenda nayo nyumbani. Hivyo ndivyo Desktop Tower Defense ilivyoingia kwenye laptopu yangu, na nitairudia hapo chini. Flash yenyewe ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020, na Adobe wakaizima kabisa Januari 2021.

Haya, twende Mombasa.

Kosa la kwanza: kulinda njia moja na kusahau ya pili

Anayeanza huona adui wa kwanza katokea kushoto, basi hela zote humalizia kushoto. Raundi kadhaa baadaye wanatokea na kulia.

Mwaka 1589, kabla Fort Jesus haijajengwa, nahodha wa Kituruki aitwaye Mir Ali Bey alikuwa Mombasa. Watu wa mji walimpokea vizuri, maana Wareno walikuwa wameshauchoma mji huo mwaka 1505 na tena 1528. Mir Ali Bey akajenga ngome ndogo yenye mizinga kuelekea baharini, kwa sababu adui aliyemjua angekuja kwa meli. Na kweli Wareno walikuja kutoka Goa na kundi la meli likiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho. Lakini wakati huo huo, upande wa bara, jeshi la Wazimba lilikuwa limeshafika na kupiga kambi ng'ambo ya maji. Waturuki wakajikuta wamebanwa katikati. Wareno wakashinda upande wa bahari, Wazimba wakaachiwa wavuke, na kisiwa kikaangamia kutoka pande mbili. Mir Ali Bey akaishia kuwa mateka wa Wareno.

Ushauri: kabla hujanunua mnara hata mmoja, itazame ramani yote. Hesabu milango yote ya kuingilia, hata ile ambayo bado haina mtu.

Kosa la pili: kupanga minara bila kuangalia inalindana vipi

Hapa Wareno walifanya vizuri, tuwape haki yao. Baada ya mambo ya 1589 waliamua kukaa Mombasa, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milan aliyekuwa akiwajengea ngome zao za Bahari ya Hindi. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala, kichwa kimeelekea baharini. Pembeni kuna maboma manne: São Filipe, Santo Alberto, São Mateus na São Matias.

Cha kutazama ni pembe. Kila boma limechomoza nje ya ukuta, kwa hiyo aliye juu yake anaweza kumpiga mtu anayejaribu kuupanda ukuta wa boma la jirani. Hakuna mahali pazuri pa kujibanza chini ya ukuta. Adui akikwepa hili anaangukia mikononi mwa lile.

Mpwa wangu alikuwa ameipanga minara yake kwenye mstari ulionyooka, bega kwa bega. Mnara ulio kwenye sehemu iliyonyooka humwona adui mara moja tu, akipita. Mnara uliowekwa ndani ya kona humpiga akija, akigeuka, na akiondoka. Hela ni ile ile, kazi ni mara tatu.

Kosa la tatu: kumsahau aliye ndani

Kwenye Bloons, kuanzia raundi ya 24, hutokea maputo yaliyovaa rangi za kujificha. Tumbili wa kawaida hawayaoni kabisa. Yanapita mbele ya minara ishirini kama vile hakuna mtu.

Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto wa mtawala wa Mombasa. Wareno walisababisha baba yake auawe, kisha wakampeleka mtoto Goa, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, wakamlea kama mtu wao. Akarudi Mombasa akiwa mfalme chini ya ulinzi wao. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Fort Jesus akiwa na watu wake. Hakuna aliyemzuia, kwani nani angemzuia mfalme? Alimuua kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, akaitwaa ngome nzima. Mizinga yote ilikuwa imeelekezwa nje.

Wareno walirudi kutoka Goa mwanzoni mwa 1632 na meli zao, wakapiga ngome waliyoijenga wenyewe, wakashindwa kuingia. Ilikuwa imejengwa vizuri mno. Waliipata tena baadaye mwaka huo, baada ya Yusuf kuihama kwa hiari yake.

Ushauri: weka mapema mnara wenye uwezo wa kuona kilichojificha, hata kama ni ghali na raundi za mwanzo hauna kazi.

Kosa la nne: minara mingi, ghala tupu

Sasa tumefika penyewe. Tarehe 13 Machi 1696 meli za Oman, za Imamu Saif bin Sultan, zilifika Mombasa. Watu wa pwani walikuwa wameshaomba msaada wa Oman kwa miaka mingi. Ndani ya ngome kulikuwa na askari Wareno kati ya hamsini na sabini, pamoja na mamia ya watu wa pwani, wake kwa waume na watoto, waliokuwa upande wao au waliokosa pa kukimbilia.

Mzingiro huo ulidumu miezi thelathini na mitatu. Ukitegemea sinema utadhani kila siku mizinga ililia. La. Kuta za Cairati zilisimama mwanzo hadi mwisho. Kilichokwenda kikipungua ni watu. Chakula kilikuwa haba, na mwanzoni mwa 1697, muda mfupi baada ya meli za msaada kutoka Goa kuleta askari wapya, ugonjwa ukaingia ukawafyeka wa zamani na wapya. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kapteni Mreno alikufa, na amri ya ngome ikabaki kwa Bwana Daud wa Faza.

Naomba tusimame hapo kidogo. Faza ni mji wa kisiwa cha Pate, Lamu. Kwa wiki kama tatu, ngome ya mfalme wa Ureno ilishikwa na Mswahili wa Pate, jamaa zake wachache, wanaume kiasi cha kuhesabika na wanawake wapatao hamsini. Na haikuanguka. Msaada mwingine ulifika kutoka Goa katikati ya Septemba. Miongoni mwa meli zilizokuja mwaka huo ni Santo António de Tanná, iliyozama pale pale mbele ya ngome. Wapiga mbizi walianza kuichimbua mwaka 1977, na vitu vyake unaweza kuviona kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya Fort Jesus.

Mwaka mmoja baadaye mambo yalikuwa yale yale. Desemba 1698 waliobaki wakiweza kushika silaha walikuwa hawazidi idadi ya timu ya mpira. Tarehe 13 Desemba Waomani wakaupanda ukuta. Hawakuubomoa, waliupanda, kwa sababu juu yake hapakuwa na watu wa kutosha kuwazuia. Wiki moja baadaye meli za msaada zikatokea upeoni, zikaiona ngome iko mikononi mwa wengine, zikageuka.

Kwenye Bloons kuna shamba la ndizi. Halirushi kishale hata kimoja, linaleta hela tu, na anayeanza huliona ni upotevu. Ndilo lingemwokoa mpwa wangu raundi ya 40, maana puto kubwa la raundi ile linahitaji minara iliyopandishwa daraja, na kupandisha daraja ni hela.

Kosa la tano: kudhani ukishashinda umemaliza

Mwaka 1728 Wareno walirudi, wakaipata ngome kwa sababu askari waliokuwa ndani walikuwa wamegombana wao kwa wao. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa wakawageuka na kuwazingira. Novemba 1729 njaa iliwatoa, wakajisalimisha, wakaondoka. Miaka thelathini na moja tu baada ya 1698, ngome ile ile, adui yule yule: tumbo.

Ukuta wetu wa Loresho

Mpaka hapa haya yalikuwa ya vitabuni. Lakini mimi somo hili sikulipata kitabuni.

Mwisho wa 2007 nilikuwa nimepanga SQ nyuma ya nyumba kubwa hapa hapa Loresho. Mnaoijua mitaa hii mnajua ilivyo: ukuta mrefu, waya wa umeme juu yake, geti la chuma, mbwa, soja wa usiku na soja wa mchana. Tarehe 30 Desemba matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na nchi ikawaka. Matatu zikakoma. Soja wa usiku, mzee mmoja anayeishi Kangemi, mwendo wa mguu tu kutoka hapa, aliingia kazini jioni ile. Asubuhi mwenzake wa mchana hakutokea. Wala kesho yake. Mzee akabaki getini siku nne.

Mimi nilikuwa chumbani nacheza Desktop Tower Defense. Sioni aibu kusema hilo, hapakuwa na la kufanya. Ninaloona aibu ni hili: nilimkumbuka yule mzee siku ya pili jioni, na nilimkumbuka kwa sababu mkate uliniishia nikatoka kutafuta duka. Nilimkuta amekaa kwenye kibanda chake. Alikuja na chakula cha usiku mmoja, na tangu hapo alikuwa amekunywa chai mara moja, aliyopewa na msichana wa kazi. Simu yake haikuwa na kredi, na kadi zilikuwa zimeadimika na kupanda bei kila mahali. Hakujua kama watoto wake wako salama. Katika boma lenye watu tisa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikamuuliza kijinga, "Mzee, kuko sawa hapa?"

Akaniambia, "Ukuta uko sawa, kijana. Mimi ndio siko sawa."

Tukagawana nilichokuwa nacho. Nikampa simu yangu akapiga. Wanawe walikuwa kwa jirani, wazima. Siku ya nne aliondoka kwa miguu alfajiri. Ukuta wetu haukuguswa na mtu siku zote zile. Lakini nakuambia, angeondoka siku ya pili, nisingemlaumu, na ukuta ule ungebaki kuwa mawe tu.

Gemu yangu iliyoshindikana

Miaka michache baadaye nilijaribu kuandika gemu yangu ya minara kwa JavaScript, nikaiita Ngome. Ramani ilikuwa Fort Jesus, mwaka 1696. Kila boma lilikuwa na masafa, nguvu na bei. Adui walikuwa na mwendo na uhai. Tatizo likawa moja: Wareno walishinda kila mara. Nikaongeza uhai wa adui, wakashinda. Nikaongeza idadi ya meli, wakashinda. Nilikesha wiki mbili nikidhani nina kosa kwenye hesabu za mizinga.

Kosa halikuwa kwenye mizinga. Kwenye kodi yangu yote hapakuwa na kigeu cha chakula, wala cha maji, wala cha ugonjwa, wala cha watu. Boma lilipiga lenyewe, halichoki, halili, halina mtoto Kangemi. Nilikuwa nimeandika tena kosa lile lile nililolifanya Januari 2008, safari hii kwa JavaScript. Nilipoongeza vigeu viwili tu, "watu" na "chakula", sikugusa kitu kingine chochote, na ngome ikaanza kuanguka yenyewe kama ilivyoanguka.

Jumamosi nilimwonyesha mpwa wangu ile gemu. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Mjomba, sisi tuko upande gani hapa?"

Nilichelewa kumjibu. Gemu za minara hupenda jambo liwe rahisi: aliye ndani ni wewe, aliye nje ni wimbi. Lakini watu wa pwani mwaka 1696 walikuwa nje pamoja na Waomani waliowaita wenyewe, na walikuwa ndani pamoja na Bwana Daud. Na wengi wao, wale wa uani na watoto wao, kwenye gemu yangu hawakuwepo kabisa, si kama adui wala kama mlinzi. Nikamwambia, "Tuko pande zote mbili, na kwenye hii gemu sikutuweka." Akasema, "Basi tuweke." Sasa tunaiandika upya, yeye anachora, mimi napanga kodi.

Kwa ufupi, kwa anayeanza

1. Tazama ramani yote kabla ya kutumia hela. Hesabu njia zote.
2. Weka minara kwenye kona, na kila mnara ulindwe na mwenzake.
3. Jiandae mapema kwa adui asiyeonekana.
4. Minara michache iliyopandishwa daraja inashinda mingi ya bei rahisi.
5. Jenga chanzo cha hela raundi za mwanzo, ungali na nafasi. Msaada ukifika wiki moja baada ya kushindwa si msaada.
6. Ukishindwa, usikimbilie kuongeza minara. Jiulize ni kitu gani hukukihesabu.

Jana usiku mpwa wangu alivuka raundi ya 40 akiwa na minara sita tu na shamba la ndizi. Alifurahi mpaka akaamsha mbwa wa jirani. Akaendelea hadi raundi ya 63, ikammaliza. Safari hii nimemwachia alitafute kosa mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo.